Mfungo wa Nelson

Jumatatu, 2 Machi

Daftari hili lilikuwa la wateja: jina, aina ya simu, inaumwa nini. Kurasa saba za mwanzo ni vioo vilivyopasuka na chaji zinazokataa. Kuanzia hapa ni mimi.

Nimefika kwa Babu Aminieli saa nane mchana, huku Poli, mlimani, viatu vyote vumbi. Babu aliteleza mferejini wiki iliyopita akaumia goti, na mahindi na maharage yanatakiwa yawe ardhini kabla mvua za masika hazijaanza. Alinipigia kwenye laini ya pili, ile ambayo mimi ni Nelson. Laini ya kwanza mimi ni Khalfani, hiyo ni ya Mama na mtaa wetu wote wa Levolosi, mjini, na kibanda changu cha kutengeneza simu. Majina yote mawili ni ya kweli. Moja alinipa Babu, moja alinipa Mama, na baba yangu Prosper akacheka akasema mtoto ana mabega mawili, atayabeba. Hivyo ndivyo Mama anavyosimulia. Baba alikufa nikiwa na miaka minne.

Sasa sikia ujinga nilioufanya. Bibi Marta kaniletea bakuli la loshoro, mahindi na maziwa mgando, jua kali, koo limekauka kabisa. Nikasema, "Asante Bibi, nimefunga." Nilitaka kuendelea. Leo ni Ramadhani ya kumi na mbili, nilitaka kusema hivyo, sentensi fupi tu. Lakini Babu akainua uso pale kwenye kiti chake, macho yakajaa maji. "Marta, unasikia? Mtoto wa Prosper anafunga Kwaresima."

Mwaka huu mifungo miwili imeanza karibu siku moja. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nilikohoa.

Jumanne, 3 Machi

Nimelima. Malengelenge manne. Magharibi Mama kapiga: "Umefuturu?" Nimefuturu, kwa maji na ndizi mbivu, nyuma ya banda la mbuzi.

Ijumaa, 6 Machi

Huku watu wananitambua kwa pua. Kweli kabisa. Mama mmoja alinisimamisha njiani, akaniangalia, akasema Kimeru kirefu, halafu kwa Kiswahili: "Hiyo pua ni ya Prosper. Umeitoa wapi?" Nikasema, "Shikamoo mama. Nimeachiwa." Akacheka mpaka akatua mzigo wake wa majani.

Shida ni jioni. Wakikaa jikoni wanaongea Kimeru, wanacheka, na mimi nacheka nyuma yao kidogo, kama video ambayo sauti inachelewa. Nimeanza kujifundisha. Namrekodi Bibi kwenye simu akitaja vitu, jembe, moshi, mvua, halafu narudia nikiwa shambani. Ufundi wa simu nilijifundisha hivyo hivyo, hakuna aliyenishika mkono. Ila simu ukiikosea haikucheki.

Na Levolosi nako. Machalii wa mtaani wananiita Mmeru. Nikikasirika kidogo tu, "huyo, Umeru umempanda." Huku nikikosea neno moja, mtoto wa mjini. Kila nilipo naitwa jina la kule kwingine.

Jumapili, 8 Machi

Kanisani. Kwaya ikaimba, aisee, besi zile zinaingia mpaka mbavuni. Nilikaa kati ya Babu na Lilian, binti wa Baba mdogo Solomoni. Ana miaka kumi na sita, anapata kipaimara mwezi ujao. Alikuwa ananiongoza kwa kiwiko: simama, kaa, simama.

Mwisho wa ibada Mwinjilisti Loishiye akasema kuna kijana kaja kutoka mjini kumsaidia babu yake, na tangu amefika hali chakula mchana, na nyie vijana mliozaliwa hapa mna nini cha kusema. Benchi zote zikageuka. Nilitamani ningekuwa benchi.

Nje Babu akamvuta Loishiye pembeni. Loishiye akafungua kitabu kikubwa. "Nelson Prosper. Hajabatizwa, sivyo?"

"Mama yake alimchukua akiwa mdogo," Babu akasema. "Hakuna aliyemfundisha chochote."

Akaandika. Nitabatizwa na kupata kipaimara siku moja na kina Lilian, tarehe kumi na mbili Aprili.

Hakuna aliyenifundisha chochote. Nimehifadhi juzuu mbili. Nikasimama pale na juzuu zangu mbili kichwani nikasema, "Asante, Mwinjilisti."

Jumatano, 11 Machi

Mvua. Imeanza saa sita, haijaacha.

Jumamosi, 14 Machi

Babu kachukua fimbo, tumepanda taratibu mpaka sehemu ya juu ya shamba. Kuna kipande kimezungushiwa masale, yale majani marefu wanayopanda mipakani. "Hiki ndicho kihamba cha baba yako," akasema. Shamba la urithi: migomba, kahawa chini yake, mparachichi mmoja. Migomba mingine imeinama, hakuna aliyeiwekea nguzo. "Solomoni anakitaka. Nimemwambia kina mwenyewe. Siku ukitoka kanisani nitakuonyesha mpaka mbele ya wazee wa ukoo. Utajenga."

Sijawahi kuwa na kitu ambacho hakiingii mfukoni. Nilishika udongo, na jioni sikutaka kunawa mkono ule.

Mama kapiga. Umefuturu? Nimefuturu. Uko sawa? Niko sawa. Sikumdanganya. Sikusema tu. Nimekuwa bingwa wa kutosema.

Jumanne, 17 Machi

Baba mdogo Solomoni amenikuta napalilia. Ni fundi seremala, nyumba yake iko ng'ambo ya mfereji.

"Chalii wa Levolosi, ukishika jembe hivyo utajikata mguu, ubatizwe umekaa kwenye kiti."

"Shikamoo Baba mdogo."

"Marahaba. Sikiliza, sina ubaya na wewe. Lakini ile migomba ya kaka yangu nimeisimamisha miaka kumi na saba. Mvua ikilaza, naweka nguzo. Mwaka huu nimeacha. Wewe umefunga wiki mbili, umepewa."

Hana kosa.

Jumatano, 18 Machi

Loishiye alinipa sehemu ya kwanza ya katekisimu Jumapili. Leo nimeisema yote bila kuangalia. "Kichwa gani hiki?" akauliza. Kichwa cha madrasa, Mwinjilisti. Hilo nimelisemea moyoni.

Jumamosi, 21 Machi

Idi.

Mama alitaka nishuke. Nikamwambia barabara imeharibika. Imeharibika kweli, ila watu wanashuka. Ukweli ni kwamba leo asubuhi kulikuwa na mafundisho ya ubatizo na niliogopa kuulizwa nakwenda wapi. Akanitumia picha ya pilau, na sahani yangu pembeni imefunikwa kawa. Chini akaandika: hii nampa paka.

Saa moja nilikwenda kwenye kihamba cha Baba, nikatandika majani ya mgomba, nikaswali peke yangu. Idi ni ya watu, bana. Takbira unaileta na watu, mabega yamegusana, halafu mnapeana mikono mpaka vidole vinauma. Mimi nilimaliza, nikatoa salamu kulia, migomba. Kushoto, migomba.

Nainuka, Bibi Marta kasimama na mzigo wa majani ya mbuzi kichwani. Sijui alikuwepo tangu lini.

"Kwaresima yako imeisha mapema," akasema.

"Bibi..."

"Mtu wa Kwaresima haamki saa kumi kula. Ule uji niliokuwa naacha kwenye chupa, ulifikiri wa nani?"

Nilifikiri anausahau. Karibu wiki tatu nilifikiri Bibi anasahau uji.

"Mbona hukumwambia Babu?"

"Si mfungo wangu huo." Akaanza kushuka. "Njoo unywe chai. Nimekaanga maandazi. Babu yako nimemwambia nimeyatamani tu."

Yalikuwa sita. Nimekula yote sita huku machozi yananitoka, nikasingizia tangawizi.

Jumapili, 29 Machi

Jumapili ya Mitende. Nimebeba tawi, nimeimba. Nilifurahi. Ndilo tatizo.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Wamenihamishia kwenye kwaya, upande wa besi.

Alhamisi, 9 Aprili

Mvua siku ya nne mfululizo. Babu amenenepesha dume la ng'ombe mwaka mzima kwa ajili ya Jumapili ya Lilian, sasa ni yangu pia. Kaalika ukoo, kanisa, na marafiki zake Waislamu wa sokoni Tengeru. Na kampigia Mama, yeye mwenyewe: "Zamda, njoo na ndugu zako, ni siku ya watoto." Mama anajua ni kipaimara cha Lilian. Hajui lingine.

Mchinjaji ni Mzee Mikidadi wa Tengeru, kama siku zote. Huku ukiwa na sherehe unamwita Mwislamu achinje, ili wageni wote wale chungu kimoja. Bibi anasema Mikidadi alichinja hata kwenye harusi ya Solomoni.

Kesho namwambia Mama.

Ijumaa, 10 Aprili

Sijamwambia.

Jumamosi, 11 Aprili

Naandika haraka, mtanisamehe mwandiko. Sijui nawaambia nani.

Saa tatu asubuhi Mzee Mikidadi akapiga simu. Korongo la chini limejaa, maji yanabingirisha mawe, hakuna pikipiki inayovuka. Babu aliweka sauti kubwa, wote tukasikia: "Aminieli, nikijaribu mtanizika kabla ya ng'ombe." Wanawake walikuwa wameshawasha moto. Dume limefungwa pale uani. Lisipochinjwa leo, kesho hakuna nyama.

Tulikuwa wanne chini ya turubai: Babu, Baba mdogo Solomoni, Mwinjilisti Loishiye na mimi.

"Tuchinje wenyewe," Solomoni akasema. "Nani atajua? Tutasema Mikidadi alikuja."

"Hiyo si nzuri," Loishiye akasema.

"Basi Mwinjilisti wapikie mchicha. Mzee, hao wageni hawafiki ishirini. Watakula, watashukuru, watarudi kwao salama."

Nikamtazama Babu. Aliangalia goti lake, akaangalia mvua, akaangalia moto. Nilimwona anaelekea kukubali. Sikumlaumu, alikuwa amechoka. Lakini nikaiona sahani ya Mama. Hicho tu. Si dini, si mambo makubwa. Niliona Mama ananyoosha mkono kwenye sahani, anasema bismillahi, anakula, na mimi nimekaa pembeni yake najua.

"Nitachinja mimi," nikasema.

Solomoni akacheka. "Wewe? Kesho unabatizwa. Si watakukataa vile vile?"

"Sibatizwi." Halafu nikamgeukia Babu, maana ni yeye niliyemkosea. "Babu, mimi ni Mwislamu. Ule mfungo ulikuwa wa Ramadhani. Siku ile niliyofika ulivyosema Kwaresima, nilikohoa. Nilitakiwa kusema. Nisamehe."

Turubai linapigwa na mvua. Babu akatafuta kichwani mwake, nikaona amefika kwenye siku yenyewe.

"Kweli ulikohoa," akasema.

"Ndiyo, Babu."

"Na kanisani? Kuimba kule?"

"Nilipenda. Hapo sikuigiza."

Loishiye akaniwekea mkono begani. "Nelson, mwanangu, hakuna anayekulazimisha kuamua leo."

"Ng'ombe analazimisha, Mwinjilisti."

Babu akavua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Mpeni kisu," akasema, na akaingia ndani na fimbo yake bila kutuangalia.

Ng'ombe wa Idi mtaani nimeshika mara tatu, nikachinja mmoja nikisimamiwa. Leo sikuwa na wa kunisimamia. Kibla huku ni kule mlima uliko, tukamlaza dume kuuelekea, wingu limefunika kilele chote. Solomoni ndiye aliyeshika kichwa. Nikasema bismillahi, Allahu Akbar, nikapitisha. Halafu nikaenda kuosha kisu.

"Kumbe kisu unakijua kuliko jembe," Solomoni akasema. Nilitafuta tusi ndani yake, sikuliona.

Jumapili, 12 Aprili

Mvua iliacha alfajiri, korongo likapungua. Mama akaja na dada zake wawili, kavaa baibui jipya. Walikuja kabla ibada haijaisha, wakanikuta nachochea moto. "Wenzako wako kanisani, wewe umeachiwa masufuria," Mama akasema, anacheka, kanishika shavu. Ningemwambia hapo hapo. Nikachochea moto.

Waliporudi, Lilian kavaa gauni jeupe, akaja moja kwa moja kwangu. "Kaka, wamesoma jina lako. Walisahau kulifuta kwenye orodha ya ubatizo. Nelson Prosper, mara mbili, kanisa zima linageuka." Alikuwa ananionea huruma. Mama amesimama hatua mbili nyuma yangu.

Chakula kikatoka. Babu akasimama, akawaambia wageni wa Tengeru: "Kuleni bila wasiwasi. Mikidadi alikwama kwa maji. Amechinja kijana wa hapa nyumbani, ni mwenzenu."

Mwenzenu. Hakulisema kwa ubaya. Lakini nilisikia ninavyosogezwa, kama kiti.

Wageni wakala. Mzee mmoja akanishika mkono akaniombea dua. Nikaenda kukaa na Mama kwenye mkeka. Alikuwa ametenga nyama upande mmoja wa sahani, vipande vitatu, anakula ndizi kutoka upande wa pili.

"Mama, kula. Nimechinja mimi."

"Wewe nani?"

Nikamsogezea sahani.

"Nauliza nijue ninakula nini. Jina lako liliandikwa lini kule?"

"Tarehe nane, mwezi wa tatu."

Nilimwona anahesabu. "Ramadhani hiyo. Kila magharibi napiga simu, umefuturu, nimefuturu. Nilikuwa naongea na nani?"

"Na mimi, Mama. Nimefunga zote. Na jana niliwaambia ukweli, nimekataa ubatizo."

"Jana." Hakupandisha sauti, hakutaka kumwaibisha Babu kwake. "Idi hukuniambia. Juzi hukuniambia. Asubuhi hii nimekushika shavu, hukuniambia. Kisu chako sina shaka nacho, Khalfani. Nina shaka na mdomo."

Akamaliza ndizi. Vipande vitatu vikabaki. Nilivila mimi, mafuta yalikuwa yameshaganda.

Nimeshuka na Mama. Babu hakutoka kuaga, walisema goti. Bibi Marta akanipa ile chupa, uji umejaa, moto.

Jumatatu, 13 Aprili

Kibandani. Vioo viwili, maiki moja.

Jumatatu, 20 Aprili

Laini ya pili haijalia siku nane. Nimeitoa nikairudisha, nikidhani ni mtandao. Si mtandao. Mama ananiwekea chakula, anasema "chakula," basi.

Jumamosi, 25 Aprili

Chalii wa kibanda cha jirani: "Mmeru, siku hizi umekuwa bubu." Nikamjibu kwa Kimeru, neno la mvua, ndilo lililonijia. Wakacheka wote, nami nikacheka, kwa mara ya kwanza sikuchelewa.

Nimesikiliza rekodi za Bibi zote. Kwenye moja, baada ya moshi, kwa mbali Babu anasikika anauliza kitu, na jina Nelson liko katikati. Bibi anamjibu, wanacheka. Nimeirudia kama mara ishirini. Sijui waliulizana nini. Kwenye lugha bado sijafika hapo.

Jumamosi, 2 Mei

Mama kaja uani kamshika jogoo miguu. "Chinja."

Nikachukua kisu.

"Subiri. Kabla hujachinja, niambie yote ambayo hujaniambia."

Nikamwambia. Kwamba kanisa nililipenda, zile besi. Kwamba kile kihamba nakitaka, na nakitaka kwa sababu kila mtu kule ana pua yangu. Kwamba siku ya Idi niliswali na migomba. Kwamba nikiwa huku namkumbuka Bibi na nikiwa kule naisubiri adhana, na kuna siku sijui ni nani anayesubiri. Nilichukua muda mrefu, jogoo akachoka kupiga mabawa.

"Umemaliza?"

"Kwa leo."

"Chinja basi."

Amekula paja lote. Firigisi, ambayo tangu Baba afe hula yeye, akaniwekea mimi.

Jumamosi, 16 Mei

Simu imelia laini ya kwanza, namba ya Babu. Nikadhani nimechanganya laini.

"Khalfani," akasema. Hajawahi kuliita. Lilimtoka taratibu, kama mtu anayeinua mzigo ambao hajui uzito wake.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Namba hii nimemwomba mama yako." Nikasikia anavuta kiti. "Mvua imelaza migomba ya baba yako. Solomoni amesema haisimamishi."

"Ndiyo, Babu."

"Hakusema mtu mwingine asiisimamishe."

"Nakuja kesho."

"Kesho tuko kanisani, hutatukuta. Nguzo ziko nyuma ya banda."

Hakusema kihamba ni cha nani. Sikuuliza.

Jumapili, 17 Mei

Nyumba ilikuwa imefungwa. Mvua zimeisha, mlima uko wazi mpaka juu. Nimesimamisha migomba kumi na mmoja. Kwaya ilikuwa inasikika kutoka chini, nikashika besi peke yangu, nimekumbatia mgomba usianguke. Adhuhuri nikatandika majani, nikaelekea mlimani, nikaswali. Hakuna aliyekuja na mzigo wa majani kichwani.

Saa nane nikamwona Babu anapanda na fimbo, bado na koti la kanisani. Alisimama nje ya masale, hakuingia. Akanyoosha fimbo, akaihesabu migomba mmoja mmoja.

"Ule wa mwisho umeinama," akasema.

Nikaweka bega nikausukuma, yeye upande ule wa masale, mimi upande huu, mpaka aliposema basi.